Rangi Mbichi

Kila Aprili, mvua ikitupa nafasi,
nashuka na makopo mawili, brashi, patasi
na kipande cha turubai cha kupigia magoti.
Baraza la Nantgarreg hunipa malipo ya saa tatu.
Kazi yenyewe hula siku nzima, na sisemi.

Ni benchi tu. Mwaloni, miguu ya chuma.
Mbao za kukalia zimebadilishwa mara tatu, egemeo ni lile lile.
Limetazama barabara, ziwa limelipa kisogo.
Wageni hushangaa: mandhari yote yale nyuma!
Hawajui kwamba tarishi wa simu alikuja kwa barabara,
na waliolichonga walikuwa bado na mazoea ya kutazama huko.

Mwaka wa ishirini na moja kijiji kilitaka askari wa jiwe,
bunduki begani, kofia, masharubu, kila kitu.
Wakachanga. Wachimba mawe, mgomo umekwisha kuwala mpaka mifupa,
wakapata fedha za kununua buti zake tu.
Ndipo Marged Pugh, mfua nguo, akainuka kanisani,
barua mkononi imekunjwa mpaka inakatika:
“Tegid aliniandikia, tumesimama majini tangu Jumatatu,
mama, hakuna hata pa kuweka tako.
Mnataka kumsimamisha tena, na safari hii milele?”
Inasemekana mchungaji alikohoa.
Inasemekana hakuna aliyempinga.

Basi majina kumi na moja yakachongwa kwenye egemeo,
na hapo ndipo fundi wa kale alipokosea, au alipopatia,
sijaamua, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita:
ukikaa, unawafunika.
Ukiinuka, wapo.

Watu hupenda katikati. Migongo hula mbao.
Huw na Caradog, wa pembeni, wanasomeka kama waliandikwa jana;
Tegid, wa sita, ameegemewa na karne nzima,
makoti ya sufu, makoti ya mvua, wapenzi, walevi wa Ijumaa,
Bi Eluned na mfuko wake wa vitunguu,
watoto na chipsi zinazonuka siki,
wote wamemlalia. Kila Aprili namchonga upya,
na kila Aprili anazama zaidi.
Wenzake wana majina; yeye ana handaki.

Mwaka jana baraza lilileta wazo la mnyororo,
watu wasikae, kumbukumbu ilindwe.
Nilisema mimi ni fundi tu. Kisha nikasema,
kwa sauti ambayo sikujua ninayo,
kiti kisichokaliwa ni jeneza lenye miguu.
Wakaahirisha. Mpaka leo wameahirisha.

Leo asubuhi nimejaza herufi rangi nyeupe.
Mkono wangu si ule; kwa Tegid ikafurika.
Nikaweka kibao, RANGI MBICHI, kwa lugha zetu zote mbili,
nikaenda garini kutafuta tapentaini.
Kurudi, namkuta Osian, mtoto wa duka la samaki,
visikizi masikioni, kajimwaga katikati, anangoja basi la shule.
Kibao changu kakilaza chini, kwa adabu,
na mkoba juu yake.

Basi likaja. Akainuka.
Mgongoni mwa koti lake la buluu, herufi tano,
zimegeuka kinyume kama kwenye kioo,
D mbele, T mkiani,
zinapanda ngazi za basi.

Nilikuwa na tapentaini mkononi, na kitambaa.
Dereva akanitazama, akingoja kama nina neno.
Nikampungia aende.

Mama yake atakuja jioni, najua, na koti,
na ana haki, koti ni jipya. Nitalilipa.
Lakini sasa hivi ni saa mbili na robo,
basi limevuka daraja, limepita machimbo yaliyofungwa,
na Tegid Pugh yuko njiani kwenda kipindi cha hesabu,
amekaa.